Mtungi wa Nyumbani na Mkono wa Dola: Historia ya Afya ya Jamii Masasi na Newala

Afya ya jamii ni sehemu ya tiba ambayo mtu hawezi kuikamilisha peke yake. Aliyeugua anaweza kutafuta daktari au mganga, lakini kuzuia ndui isiingie kijijini, kulinda chemchemi isichafuliwe na kupambana na mbu wa mtaa mzima ni kazi ya watu wengi kwa pamoja. Kwa kawaida kazi hiyo huangukia dola, kwa kuwa ndiyo yenye kodi, sheria na watumishi. Hapo huzaliwa swali la maadili: dola inapata wapi haki ya kumchanja mtu, kumwamuru achimbe choo, kumhamisha au kumwaga maji yaliyomo mtungini mwake? Na kama inayo haki hiyo, inadaiwa nini kabla ya kuitumia?

Masasi na Newala, kusini mashariki mwa Tanzania, zimepitia karibu majibu yote yaliyowahi kutolewa. Kwa muda wa miaka 150 hivi wakazi wake wametibiwa kwa huruma ya misheni, wameamriwa na Wajerumani, wametawaliwa na Waingereza kupitia maliwali, wameahidiwa huduma bure na dola huru, kisha wametakiwa kuchangia. Katika vipindi vyote hivyo jambo moja limekuwa likirudi: maji.

Nchi ya juu isiyo na kijito

Uwanda wa Makonde huanza kuinuka karibu na pwani ya Mtwara na Lindi, ukaendelea kupanda kuelekea magharibi hadi Newala, mji ulio ukingoni kabisa mwa uwanda. Hapo ardhi hukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, na wenyeji huliita shimo hilo kubwa Shimo la Mungu. Chini ya uwanda, upande wa magharibi, ndiko iliko Masasi yenye vilima vya mawe, nchi ya Wamakua na Wayao pamoja na Wamakonde.

Udongo wa uwandani ni mchanga mwingi. Mvua inayonyesha hunywewa mara moja na kuzama mbali, hivyo juu hakuna mito wala vijito. Maji hutokea chini, kwenye chemchemi za miguu ya uwanda. Tangu zamani wanawake na watoto waliteremka makorongo kwenda kuyateka, wakapanda nayo kichwani, na kilichofika nyumbani kilihifadhiwa mitungini kwa uangalifu mkubwa.

Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde inayoeleza kwa nini watu walichagua kuishi mbali na maji. Mtu wa kwanza alichonga mwanamke wa mti, na mti ule ukawa mtu. Watoto waliozaliwa karibu na mto walikufa. Yule aliyezaliwa juu, mahali pa ukavu, aliishi. Wazao wao wakaachiwa agizo la kutojenga mabondeni penye maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko maradhi yaliko. Huo ulikuwa mwongozo wa afya ya jamii uliopokewa kama mila, kabla ya serikali yoyote kutoa wake. Aliyeufuata aliepuka homa za bondeni na wavamizi, akabeba mzigo wa kuishi mbali na chemchemi.

Wamakonde wa zamani hawakuwa na mtemi mmoja. Kila eneo dogo lilikuwa na mkulungwa, mzee aliyetambuliwa na ukoo wa kike kuwa mwenye ardhi na mwenye kauli juu ya mambo ya pamoja. Mamlaka yake yalitegemea kukubalika. Mtu asiyeridhika aliweza kuhama na kufyeka msitu mahali pengine. Hali hiyo ilikuja kuwasumbua watawala wote waliofuata, kwa kuwa amri ya afya humhitaji mtu wa kuitoa na watu wa kuikubali.

Majibu manne ya swali moja

Wanafalsafa wamejibu swali la haki ya dola kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni nadharia ya manufaa, inayohusishwa na Jeremy Bentham wa Uingereza: tendo jema ni lile linaloleta heri kubwa kwa watu wengi zaidi. Edwin Chadwick, aliyewahi kuwa katibu wa Bentham, aliitumia katika ripoti yake ya mwaka 1842 kuhusu uchafu wa miji ya Uingereza, na mwaka 1848 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya afya ya jamii. Ubora wa nadharia hii ni kwamba inahesabu uhai wa watu wote. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja, au kijiji kimoja, kinaweza kupotea ndani ya hesabu.

Ya pili ni kanuni ya madhara ya John Stuart Mill, aliyoieleza mwaka 1859. Dola ina haki ya kumlazimisha mtu pale tu anapowadhuru wengine. Kumlazimisha kwa faida yake mwenyewe ni kumgeuza mtoto. Kwa kanuni hii mwenye ndui anaweza kutengwa, lakini asiyetaka kula mboga aachwe.

Ya tatu ni nadharia ya haki katika mgawanyo. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitaka taasisi za jamii zipimwe kwa hali ya walio chini kabisa, na wanafunzi wa fikra zake wakaipeleka hoja hiyo kwenye afya. Karibu nayo ni hoja ya haki za binadamu: katiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1946 ilitamka kwamba kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa ni haki ya kila mtu.

Ya nne ilikulia Tanganyika. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Julius Nyerere aliieleza jamii kama familia iliyopanuliwa, ambamo mgonjwa, mzee na mtoto wana fungu lao na kila mwenye nguvu ana wajibu wa kufanya kazi. Katika fikra hii dola humdai raia kama ndugu anavyomdai ndugu, na yenyewe hudaiwa kwa namna hiyohiyo.

Ukweli ni kwamba nadharia hizi hazikufika Masasi na Newala zikiwa na majina yake. Zilifika ndani ya sindano, makambi ya ukoma, mabomba na risiti.

Huruma ya misheni na amri ya Wajerumani

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliongoza kikundi cha watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaanzisha makazi. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Kiyao. Wabenedikto nao walijenga Ndanda, kati ya Masasi na Lindi, mwaka 1906. Hospitali za upande wa kusini zilianzia mikononi mwa misheni hizo mbili.

Msingi wa maadili wa misheni ulikuwa huruma. Mgonjwa alisaidiwa kwa kuwa ni kiumbe wa Mungu. Huruma iliokoa watu wengi na haikungoja bajeti ya serikali. Lakini mwenye kupewa kwa huruma hana anachoweza kudai. Kijiji kisicho na misheni jirani hakikuwa na pa kulalamikia.

Serikali ya Wajerumani iliamini katika amri. Iliendesha chanjo ya ndui na kuwaagiza maakida na majumbe wakusanye watu. Kwa kipimo cha manufaa chanjo hiyo ilikuwa jambo jema, kwa kuwa ndui iliua na kupofusha. Lakini mwaka 1905 vita vya Maji Maji vililipuka kusini, na misheni ya Masasi ikachomwa moto. Maji yenyewe yaliyowaunganisha wapiganaji yalikuwa dawa ya kinga, na yalipokewa na watu waliokwisha kuacha kuiamini serikali. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Dola iliyowachanja watu kwa mkono mmoja iliwanyima chakula kwa mkono wa pili. Hapo lilijitokeza fundisho la kwanza la maadili ya afya upande huu wa nchi: amri ya kuokoa maisha haiaminiki ikitoka kinywani mwa anayeyachezea.

Vita vya kwanza vya dunia vilirudisha maafa. Newala ilishikwa na Wareno mwaka 1916, wakafukuzwa, na mwaka 1917 majeshi ya pande zote yalipita Masasi yakichukua wapagazi na nafaka. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Dresa, buba na liwali

Waingereza walipochukua Tanganyika walileta njia nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyeongoza kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, aliweka utawala kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikazipa serikali za wenyeji hazina zao. Kutokana na hazina hizo zilijengwa zahanati ndogo vijijini, zikahudumiwa na madresa: vijana waliofundishwa kusafisha vidonda, kutoa dawa za kawaida na kuandika taarifa. Mkurugenzi wa tiba John Shircore ndiye aliyeusukuma mpango huo. Kwa mara ya kwanza kodi ya mkulima ilirudi kijijini ikiwa dawa, ingawa ilikuwa kidogo.

Ugonjwa uliojenga imani ulikuwa buba. Katika miaka ya 1920 kampeni za sindano zilienea Tanganyika nzima, na vidonda vya buba vilikauka mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyelazimika kumkamata mgonjwa. Watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano, na heshima ya sindano Tanzania ina mizizi yake katika miaka hiyo. Hii ilithibitisha kwamba huduma inayoonekana kufaa haihitaji nguvu kubwa ya sheria.

Udhaifu ulikuwa katika wale waliosema kwa niaba ya watu. Newala haikuwa na mtemi, basi watu wakawekewa maliwali, ambao cheo chao kilitoka boma badala ya kutoka katika koo. Liwali alipotoa agizo la usafi, agizo hilo lilisikika kama sauti ya mkusanya kodi. Wakulungwa, ambao watu waliwasikiliza, hawakuwa na hazina.

Misheni ziliendelea kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, anakumbukwa kwa kuipokea jando ndani ya Kanisa badala ya kuipiga vita. Jando ya Kikristo ilidumisha mafundisho na heshima ya mila, huku usafi wa jeraha na uangalizi wa vijana ukiingizwa humohumo. Katika maadili ya afya hilo ni jambo zito. Lucas alionyesha kwamba mila ya watu inaweza kuwa njia ya kupitishia afya, kwa sharti kwamba wenye mila wabaki na kauli.

Mwaka 1935 alifika daktari kijana wa UMCA, Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi, kusini mwa Masasi, hadi mwaka 1949. Alipasua wagonjwa katika majengo duni, akawafundisha wauguzi Waafrika na kutibu wenye ukoma. Wagonjwa wa ukoma waliishi katika makambi ya misheni yaliyopata msaada wa serikali. Kwa kanuni ya madhara kutengwa kwao kulielezwa kuwa kinga kwa wengine, lakini ukoma huambukiza polepole sana, na wengi walitengwa na familia zao miaka mingi kuliko hatari yenyewe ilivyodai. Dawa za sulfoni zilipopatikana baada ya vita vya pili vya dunia, hoja ya kambi ilianza kuporomoka.

Homa iliyokunja watu

Mwaka 1952 ulizuka uwandani ugonjwa ambao madaktari hawakuutambua. Mtu mzima aliyelala salama aliamka hawezi kunyoosha magoti. Homa ilipanda ghafla, viungo viliuma kupita kiasi, vipele vikatokea mwilini, na baada ya homa kushuka maumivu ya viungo yaliweza kubaki wiki au miezi. Watu walitembea wameinama. Wamakonde waliupa jina linalotokana na kitenzi chao cha kukunja: chikungunya. Mlipuko uliendelea hadi mwaka 1953 katika wilaya ya Newala na maeneo jirani.

Daktari Marion Robinson alieleza dalili za ugonjwa huo katika makala iliyotoka mwaka 1955, na mwenzake W. H. R. Lumsden akaeleza namna ulivyoenea. R. W. Ross, katika maabara ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alitenga kirusi kutoka katika damu ya wagonjwa na kutoka kwa mbu, akachapisha matokeo yake mwaka 1956. Tangu hapo neno la Kimakonde limeingia katika vitabu vya tiba vya ulimwengu mzima, ingawa wengi hudhani ni neno la Kiswahili.

Maelezo ya Lumsden ndiyo yenye uzito kwa suala la dola. Mbu aliyehusika zaidi, aina ya *Aedes aegypti*, hupenda maji safi yaliyotulia ndani na karibu ya nyumba. Katika uwanda usio na kijito, maji ya namna hiyo yalikuwa mahali pamoja: mitungini. Akiba aliyoipandisha mama kutoka bondeni kwa saa nyingi ndiyo iliyokuwa kitalu cha mbu.

Hapa nadharia zote hukutana. Kwa kanuni ya madhara, mtungi wenye viluwiluwi vya mbu humdhuru jirani, na bwana afya ana haki ya kuingia na kuumwaga. Kwa nadharia ya manufaa, kumwaga mitungi ya kijiji kizima kungezuia maumivu ya maelfu. Lakini mtungi haukujaa kwa uzembe wa mwenye nyumba. Ulijaa kwa sababu chemchemi iko mbali na hakuna aliyeleta bomba. Kuumwaga bila kuleta maji ni kumtoza mama adhabu ya kosa la jiografia na la serikali. Haki ya mgawanyo ndiyo inayoliona jambo hili: mzigo wa kinga usiwekwe juu ya yule aliyekwisha kubeba mzigo wa ukosefu. Ndoo moja uwandani ilikuwa na bei ya nusu siku ya mwanamke, na hesabu ya manufaa isiyoandika nusu siku hiyo ni hesabu pungufu.

Katika miaka ileile ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza mradi mkubwa wa kusukuma maji kwa mashine kutoka chini hadi juu, chini ya Shirika la Maji la Makonde. Maji yaliwafikia baadhi ya watu, lakini yaliuzwa. Aliyekuwa na korosho za kuuza alinunua. Asiyekuwa nazo aliendelea kuteremka makorongo. Swali la nani alipe lilianza hapo, na halijamalizika.

Uhuru, vijiji na Mtu ni Afya

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Maradhi yakawa adui wa taifa, na mgonjwa wa Newala akawa, angalau kwa kauli, raia mwenye dai. Mwaka 1964 Richard Titmuss wa Uingereza na wenzake walitoa ripoti juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakisisitiza vituo vya afya vijijini na kinga kuliko hospitali kubwa za mijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipa fikra hiyo nguvu ya siasa, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zahanati, vituo vya afya na mafunzo ya watumishi wa vijijini viliongezeka haraka. Maji ya vijijini yakahesabiwa kuwa huduma ya bure, na mwaka 1971 serikali ikaweka lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba yake ndani ya miaka 20.

Ili huduma ziwafikie watu, watu walitakiwa wakae pamoja. Mkoa wa Mtwara ulitangulia mikoa mingi katika kuunda vijiji, kwa sehemu kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri ya nchi nzima, na muda wa mwisho ukawekwa mwaka 1976. Hoja ilikuwa ya ujamaa na ya manufaa kwa pamoja: zahanati na bomba haviwezi kumfuata kila mtu msituni. Hata hivyo Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kusema kwamba tendo linalowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ni la maendeleo, hata kama haliwaongezei afya wala chakula. Kwa kipimo hicho, kumhamisha mtu kwa nguvu ili apate zahanati kulipingana na msingi uliotangazwa. Kwa Mmakonde, ambaye mila yake ilimruhusu kuhama pale asiporidhika, amri hiyo ilikata haki ya kale. Na pale ambapo kijiji kipya hakikupata maji, watu wengi zaidi walitegemea chemchemi ileile.

Mfano bora wa kipindi hicho ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka, kuchemsha maji. Nguvu yake ilikuwa katika mpangilio. Elimu ilitangulia, mjadala ukafuata, kazi ikaja mwisho. Dola ilitoa maarifa na vifaa vya kufundishia, wananchi wakatoa mikono na uamuzi.

Mwaka 1975 Leader Stirling, yule daktari wa Lulindi aliyekuwa amechukua uraia wa Tanzania na kuwa mbunge tangu mwaka 1958, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya, akashika wizara hadi mwaka 1980. Safari yake ni mfano wa mabadiliko ya maadili yenyewe, kutoka huruma ya misheni hadi wajibu wa dola. Katika kipindi chake, sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya kutafuta faida, kwa hoja kwamba ugonjwa usiwe bidhaa; hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima, njia ambayo vijiji vya Tanzania vilikuwa vimekwisha kuijaribu. Finland nayo ilisaidia mpango wa maji wa Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 na 1980, na visima na mabomba yakaongezeka.

Kuchangia

Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, ahadi ya bure ilikosa mafuta ya kuendeshea mashine. Pampu ilisimama kwa kukosa dizeli, zahanati ilifunguliwa bila dawa, na huduma ya bure isiyokuwepo ikawa ghali kuliko ya kulipia, kwa sababu mgonjwa alisafiri mbali kuitafuta. Mwaka 1991 tiba binafsi iliruhusiwa tena, na sera mpya ya maji ikaanza kuwataka watumiaji wachangie. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada, huku wajawazito na watoto wadogo wakisamehewa.

Mageuzi haya yaliendelea chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda. Katika uongozi wake wa mwaka 1995 hadi 2005 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999, na Mfuko wa Afya ya Jamii ukapata sheria yake mwaka 2001, ukiwalenga wakulima. Baada ya kustaafu, taasisi yenye jina lake ilijihusisha na kupeleka watumishi wa afya katika wilaya zenye upungufu. Hoja ya maadili ya kuchangia ni ya kweli: anayelipa ana haki ya kuuliza, na huduma isiyo na fedha haidumu. Lakini mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka, na maradhi hayangojei msimu. Msamaha ulioandikwa ukutani hauna maana kama dawa inauzwa duka la nje.

Katiba ya mwaka 1977 inaonyesha mvutano huohuo. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Ibara ya 11 inaitaka dola iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara ya 7 inazuia mahakama kuyatekeleza masharti ya sehemu ya katiba yenye ibara hiyo ya 11. Wajibu umeandikwa, ila mwananchi hawezi kuudai mahakamani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, kwa upande wake, imewapa maofisa afya uwezo wa kukagua nyumba, kuamuru usafi na kuzuia magonjwa ya kuambukiza, na masharti hayo yana adhabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua ya kusogeza mizani, ikiwa wasio na uwezo watalipiwa kwa kweli.

Somo la uwanda

Mwaka 2004 chikungunya iliibuka Lamu wakati wa ukame, na utafiti ukakadiria kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ugonjwa ulienea visiwa vya Bahari ya Hindi na India, na mwaka 2013 ukaingia visiwa vya Karibi. Huko Lamu nako watu walikuwa wameweka akiba ya maji majumbani. Trakoma, ugonjwa wa macho ambao umewasumbua watu wa mkoa wa Mtwara kwa miaka mingi, hufundisha jambo hilohilo: dawa ya kumezeshwa vijiji vizima hupunguza maambukizi, lakini kinga inayodumu ni kunawa uso kila siku, na uso haunawiwi kwa maji ambayo hayapo.

Historia ya Masasi na Newala inatoa hukumu iliyo wazi. Huruma huokoa walio karibu, amri huokoa kwa muda, manufaa yasiyohesabu kazi ya mwanamke hudanganya, na uhuru wa mtu asiye na maji ni mdogo mno kuwa kinga. Kilichofaulu uwandani ni pale dola, au misheni, ilipotimiza wajibu wake kwanza, ndipo ikaomba ushirikiano: sindano ya buba iliyoponya, elimu ya redio iliyojadiliwa, jando iliyoheshimiwa. Kilichoshindwa ni pale ilipodai utii kabla ya kutoa. Haki ya bwana afya kufunua mtungi wa mama wa Newala huanza siku bomba linapofika mlangoni pake likiwa na maji.